Bunduki ya bei rahisi ni ya nani?

Ganda la risasi lilikuwa limesimama wima kwenye tundu la kutolea maganda, nusu ndani nusu nje, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, imelibana. Mpwa wangu alilitazama kama mtu aliyekuta mjusi kwenye kikombe cha chai.

Kisha akageuka.

Aligeuka mwili mzima, bunduki mikononi, kidole kingali kwenye triga. Mdomo wa mtutu ukampitia jirani yetu wa kushoto, ukafika kifuani kwangu, naye akasema kwa upole kabisa:

"Mjomba, imekwama."

Niliukamata mtutu nikaurudisha upande wa tuta la udongo. Ulikuwa wa moto. Msimamizi wa renji, ule uwanja wa kulengea shabaha, alikuwa ameshapiga kelele na kila mtu ameshaweka silaha yake chini. Tukapewa onyo, tukafungasha virago, tukarudi Columbus, Ohio, bila kuwasha redio.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kuazima, na sitaitaja aina yake kwa kuwa haina kesi ya kujibu hapa. Kilichonitoa usingizini ni ujumbe wa WhatsApp ulioingia siku chache baadaye, wenye picha ya bunduki nyingine, mpya, ikiwa na kibandiko cha bei.

"Shikamoo mjomba. Hii vipi? Dola mia tatu na kitu tu."

## Alichokuwa anakiuliza

Kijana ana miaka 20 na green card yake mfukoni. Kwa sheria ya shirikisho, duka lenye leseni haliwezi kumuuzia bastola mpaka afike miaka 21, ila bunduki ndefu anauziwa tangu miaka 18. Ndiyo maana vijana wengi wa umri wake huishia kwenye karabini hizi: bunduki fupi, ya begani, inayojikoki yenyewe kila risasi, lakini inakula risasi za bastola. Mara nyingi ni zile za 9mm ambazo Mwaustria Georg Luger alizibuni mwanzoni mwa karne iliyopita na ambazo leo zimejaa kila duka.

(Hata hapo kuna kizingiti. Risasi za 9mm muuzaji anaweza kukuuzia ukiwa chini ya miaka 21 iwapo tu ameridhika kwamba unakwenda kuzitumia kwenye bunduki ndefu. Maduka mengine hayataki usumbufu huo, yanakukatalia moja kwa moja. Kijana wangu alikuwa hajui.)

Nilianza kumjibu kama wanavyojibu watu wa bunduki wote: bei, uzito, usahihi, uimara. Nikaandika ujumbe mrefu. Kabla ya kuutuma nikausoma upya, nikaona hauna hata sentensi moja inayohusu kile kilichotutokea renji.

Niliufuta.

## Bolti na uzito wake

Hata hivyo mashine yenyewe inabidi ielezwe, kwa sababu urahisi wa bei umetoka humo.

Bunduki nyingi za kijeshi hufunga bolti kwa meno ili ihimili mlipuko. AR-15, ndugu yao wa kiraia, inafanya hivyo, kwa kuwa risasi yake ya .223 ina shinikizo linalofika psi 55,000. Risasi ya 9mm inaishia psi 35,000, na kwa kiwango hicho fundi anaweza kuacha meno yote akategemea uzito tu. Bolti inakuwa kipande kikubwa cha chuma kilichosukumwa na springi. Risasi ikilipuka, ganda linaisukuma nyuma. Kwa kuwa ni nzito, inachelewa kidogo kuondoka, na ndani ya muda huo mfupi risasi imeshatoka mtutuni. Hakuna bomba la gesi wala vipuri vya kuchonga kwa ustadi mkubwa.

Ni rahisi kutengeneza, basi ni rahisi kununua.

Gharama yake unailipa begani. Watu wanadhani risasi ndogo ina teke dogo, kisha wanashangaa. Lile pande la chuma linapokwenda nyuma na kurudi mbele, bunduki inatikisika kwa namna ya kukera, na mtu aliyezoea AR-15 atakuapia kuwa ile yenye risasi kali ndiyo laini zaidi. Kampuni ya Ruger, ilipotoa PC Carbine yake, iliingiza uzito wa tungsteni ndani ya bolti ili kupunguza mtikisiko huo. Unausikia utofauti, na unaulipia pia.

Mfumo huu una tabia nyingine inayomgusa mgeni. Unategemea nguvu ya kila risasi. Risasi dhaifu, kama zile zilizojazwa upya na mtu gerejini kwake, haiisukumi bolti mpaka mwisho. Bolti inarudi mapema, inalikuta ganda halijatoka, inalibana likiwa limesimama. Magazini (kile kisanduku cha kulishia risasi) ambayo midomo yake imepinda kidogo nayo huleta balaa za aina hiyo, na bunduki za bei ya chini hukwamishwa na magazini kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu mtutu, usidanganywe na urefu. Ni inchi 16 au zaidi kidogo kwa sababu sheria ya mwaka 1934 inaitaka bunduki ya begani yenye mtutu mfupi kuliko hapo isajiliwe serikalini. Risasi ya 9mm ya gramu saba na nusu inatoka kwenye bastola kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde, na kwenye karabini kama mita 400. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imeshapatikana kabla risasi haijamaliza inchi 12. Zilizobaki ni za kumridhisha mwanasheria.

## Jirani wa Mansfield

Iliyokuwa kwenye picha ni karabini ya Hi-Point 995.

Inatengenezwa Mansfield, hapa hapa Ohio, kama saa moja na kitu kutoka kwangu ukishika barabara ya I-71 kwenda kaskazini. Mtutu ni wa chuma, ila mwili unaoubeba ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ile ile familia ya metali inayotengenezewa vitasa na bomba za sinki. Watu huicheka kwa hilo. Magazini yake ya kawaida inabeba risasi 10. Kuifungua kwa usafi kunahitaji vispana na subira; Ruger inatengana vipande viwili kwa mkono mtupu. Triga yake ni ndefu na ina mikwaruzo. Uzito ni karibu kilo tatu.

Na bado inapiga inapolenga. Alama zake za kulengea, ile pete ya nyuma na ncha ya mbele, ni nzuri kuliko bei yake, na ukiwa yadi 50 karatasi ya shabaha itakuonyesha mkusanyiko wa matundu usioaibisha. Ukifika yadi 100 risasi imeshashuka sentimita kumi na kitu, jambo ambalo hakuna pesa itakayolirekebisha, kwa kuwa ni la risasi yenyewe. Ikiharibika, kiwanda kinaitengeneza bure maisha yote, hata kama umeinunua mkononi kwa mtu wa tatu. Kampuni nyingi za bei mara tatu hazithubutu kutoa ahadi hiyo.

Nilikuwa karibu kumwandikia "chukua".

Kisha nikakumbuka Columbine. Tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa shuleni kwao Colorado, na mojawapo ya silaha nne zilizotumika ilikuwa 995. Ilinunuliwa na rafiki wa wauaji, aliyekuwa na miaka 18, kwenye maonyesho ya bunduki, kutoka kwa muuzaji binafsi. Magazini ilikuwa ya risasi 10, maana ndicho kiwango kilichoruhusiwa kwa magazini mpya na sheria ya miaka ile.

Sijui niifanyie nini kumbukumbu hii. Kuna anayesema chombo hakina dhambi, naye ana lake. Kuna asemaye yeye asingeiweka ndani ya nyumba yake kamwe, naye namwelewa kabisa. Mimi nimekulia mahali ambapo bunduki ilikuwa ya askari wa benki, ya mgambo, au gobore la mzee mmoja aliyewinda nguruwe pori. Kusimama kaunta nikachague kama nachagua pasi ya umeme, bado kunanipa ukakasi, miaka yote hii. Renji naipenda. Napenda ule utulivu wa kuvuta pumzi kabla ya kufyatua. Yote mawili yanakaa ndani yangu na hayajapatana.

Lakini jambo moja la habari ile linamhusu mpwa wangu moja kwa moja: bunduki ile ilipita mikononi mwa mtu mwingine kwanza. Kijana anaishi na wenzake watatu, chumba hakina kufuli, na wikendi sebule hujaa watu hata asiowajua majina. Kabla ya bunduki ya dola mia tatu, inabidi pawe na sefu iliyofungwa sakafuni.

## Karatasi zetu

Hapa nawazungumzia Waswahili wenzangu wa huku, maana hao wanaochambua bunduki kwenye video hawatakwambia.

Dukani utajaza Fomu 4473, ile ya serikali ya shirikisho ya kununulia silaha. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, akiwa na uthibitisho wa makazi yake. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya matembezi, hajaruhusiwa kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa aangukie kwenye misamaha michache, na unaojulikana zaidi ni leseni halali ya uwindaji. "Kumiliki" katika sheria hiyo si lazima kununua. Kuishika renji na kufyatua kunatosha kukuingiza matatani.

Nasema hivi kwa sababu siku ile tulikuwa na rafiki yake, mwanafunzi wa viza ya F-1, simu tayari mkononi, anataka "moja tu ya picha". Nilimkatalia akaninunia. Kwa raia kosa la silaha ni kesi. Kwetu sisi wengine ni kesi na tiketi ya kurudi, maana sheria ya uhamiaji inaihesabu hatia ya silaha kuwa sababu ya kumwondoa mtu nchini, hata mwenye green card.

Swali la bangi kwenye fomu nalo msilichukulie mzaha. Ohio imeihalalisha, serikali ya shirikisho haijaihalalisha, na fomu ni ya shirikisho.

## "Isingeweza kulia"

Siku tulipokaa kulizungumza lile la renji, kijana alikuwa na utetezi wake, na ulikuwa wa akili.

"Mjomba, ilikuwa imekwama. Ganda limebanwa, bolti haijafunga. Isingeweza kulia hata ningevuta triga."

Ni kweli. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu.

Bolti ikiwa wazi, bunduki hailii. Lakini tazama kilichopo ndani kwa wakati huo: ganda limebanwa juu, na chini yake risasi mpya mara nyingi imeshaanza kupanda kutoka kwenye magazini. Mgeni akilichomoa lile ganda kwa vidole, kama silika inavyomtuma, springi inaipeleka bolti mbele kwa nguvu na risasi mpya inaingia chemba. Kufumba na kufumbua, kitu kilichokuwa kimekufa kimekuwa hai, kimeelekezwa popote alipokigeuzia, na kidole chake kiko kwenye triga.

Wakati wa hatari ni ule wa kurekebisha.

Tunapochambua bunduki tunahesabu kukwama kama kero: ilikwama mara ngapi katika risasi mia, tunatoa alama, tunaendelea. Kwa mzoefu ni kero kweli. Anauacha mtutu ukitazama mbele, anatoa kidole, anachomoa magazini, anavuta bolti mpaka mwisho, anachungulia chemba, anaanza upya. Hata hafikirii. Mgeni hana hayo. Kila inapokwama anatunga kitu kipya papo hapo, mbele ya watu.

Basi hesabu ya soko imekaa kichwa chini. Bunduki ya bei rahisi inauzwa kwa mgeni, "ya kuanzia", wakati yeye ndiye asiyeweza kuvumilia vituko vyake. Anayeiweza ni yule aliyekwisha kufyatua maelfu ya risasi, anayesikia mlio mfupi wa "pu" badala ya "pa" akasimama hapo hapo, kwa kuwa anajua huenda risasi imekwama mtutuni na inayofuata itaupasua. Anayejua kwamba ukivuta triga pasilie kitu, unausubirisha mtutu sekunde 30 ukitazama mbele kabla ya kugusa chochote.

## Nilichomshauri, na alichojibu

Nilimwambia anunue ya .22, ile ya risasi ndogo. Ruger 10/22 iko sokoni tangu 1964, bei yake haipishani sana na ile ya kwenye picha, haina teke la kuzungumzia, na risasi zake ni sehemu ndogo ya gharama ya 9mm. Risasi moja ya mazoezi ya 9mm ni senti ishirini na kitu hadi thelathini katika miaka ya kawaida. Wikendi ya risasi 200 imekula dola 50 kabla hujalipa kiingilio.

"Mjomba, .22 ni ya watoto."

Nilimuuliza anataka kufanya nini na 9mm. Kuwinda? Kulungu wa Ohio huruhusiwi kumpiga nayo, kipenyo chake kiko chini kidogo ya inchi .357 wanayoitaka. Mashindano? Wenzake watakuja na magazini za risasi 30 na zaidi wakati yeye anabadilisha ya tano. Alinyamaza, kisha akasema ukweli: anaipenda sura yake.

Sikuwa na la kumjibu. Nusu ya vitu nilivyonunua maishani nilivinunua kwa sababu hiyo.

Tukakubaliana jambo la kati. Nilinunua pakiti ya risasi bandia za 9mm, zile za plastiki zisizo na baruti, tukaazima tena karabini, tukarudi renji kwa ruhusa ya yule yule msimamizi. Mimi najaza magazini, yeye haangalii. Nachanganya: za kweli tatu, bandia moja, za kweli mbili, bandia mbili. Anafyatua, inalia, inalia, kisha kimya. Kazi yangu ni kutazama mtutu na kidole, basi. Matundu kwenye karatasi sikuyaangalia kabisa.

Mara ya kwanza bandia ilipofika, mabega yake yalianza kugeuka, akajizuia katikati. Kidole kikabaki kwenye triga. Magazini ya tatu kidole kilikuwa kinatoka chenyewe. Kufika mchana alikuwa anaudhika badala ya kutahayari, na hiyo ilinipa moyo. Jambo jingine lilijitokeza ambalo sikulitarajia: kwa kuwa hakujua ipi ni ya kweli, nilimwona waziwazi anavyousukuma mtutu chini kabla ya mlio, akiliogopa teke. Tabia hiyo ndiyo inayoharibu shabaha, na hakuna bunduki ya dola elfu itakayomwondolea.

Baadaye tuliosha mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maana vumbi la risasi hubaki kwenye ngozi. Vizuia sauti havikutoka masikioni mpaka tulipofika kwenye gari. Karabini ina mlio mdogo kuliko bastola, ila bado uko juu ya desibeli 140, na sikio haliulizi bei.

## Kama ni wewe unayeuliza

Hujawahi kushika silaha na unataka burudani ya wikendi: kodi renji kwanza, chini ya mwalimu, halafu .22. Umeshazoea, mfuko ni mdogo, unataka 9mm ya kupigia makopo na mabamba ya chuma: 995 itakutosha, na zile dola mia tatu ulizookoa kwa kutochukua PC Carbine zitakupa risasi zaidi ya elfu moja. Unataka ya kubeba kwenye begi, karabini ya Kel-Tec Sub-2000 inakunjika katikati, ina kilo mbili tu na inapokea magazini za bastola ya Glock, ila shavu lako litalalamika, na kwenye matoleo ya mwanzo darubini ya juu inakuzuia kuikunja. Unaanza na pesa unayo, na .22 hutaki kuisikia: subiri, jazia, chukua PC Carbine.

Mpwa wangu bado hajanunua. Sefu ameshaiweka, imefungwa sakafuni chumbani kwake, na kwa sasa ndani yake mna pasipoti, cheti cha kidato cha nne na zile risasi bandia. Juzi ametuma picha nyingine, bunduki iliyotumika, bei imeshuka tena. Nimemwandikia kwamba Jumamosi tukaione pamoja, na aje na magazini zake zote nizipime midomo.